Shangazi, nimerudi kwenye kihamba na ndugu zangu wanasema nimefeli

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Tumezaliwa watano, wanaume tuko watatu na mimi ndiye wa katikati. Kwa miaka mingi nilikuwa mhasibu kwenye kampuni moja ya mizigo Dar es Salaam. Mshahara ulikuwa mzuri, gari lilikuwapo, na nyumba tuliyopanga Kimara haikuwa mbaya. Baba alipofariki, Mama akabaki na wasichana wa kazi ambao hawakukaa. Kisha akapata kiharusi. Tulifanya kikao kwa simu, kila mmoja akatoa sababu zake, nami nikasema nitarudi kwenye kihamba, yaani shamba letu la ukoo. Mke wangu akafunga saluni yake tukahama wote pamoja na watoto.

Sasa nalima. Kahawa ya Baba ilikuwa imezeeka. Mingine nimeikata ichipue upya, na palipokuwa na mapengo nimepanda miche ya aina mpya kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu. Ndizi zipo, ng'ombe wawili wapo zizini, maziwa kidogo tunauza. Watoto wanasoma shule ya serikali hapa hapa. Hatulali njaa, ila hela ya mkononi inabana. Mama ameanza kusema maneno yanayoeleweka na anafika kwenye migomba kwa mkongojo. Mke wangu ndiye humwogesha, maana Mama hakubali kuogeshwa na mwanawe wa kiume.

Desemba iliyopita ndugu walipanda kuhesabiwa, kama ilivyo kawaida yetu. Tukachinja mbuzi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikawapo. Katikati ya mazungumzo kaka mkubwa akasema mbele ya watu wote, "Nchi imeingia uchumi wa kati, mwenzetu amerudi kushika jembe." Watu wakacheka. Baadaye mwanawe, anayesoma uchumi chuo kikuu, akaniambia kwa adabu kabisa: "Baba mdogo, kwa hesabu za uchumi kazi ya kumlea Bibi haimo kwenye Pato la Taifa." Neno hilo limenikaa kooni kuliko la baba yake.

Kesho yake likaja pendekezo. Tung'oe kahawa, tukate miringaringa tuuze mbao, tujenge nyumba ya wageni, kwa kuwa watalii wa Mlima wanapita hapa. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye kwa mila ndiye mwenye nyumba ya Mama, ameshakubali. Mimi watanifanya meneja. Nimeomba muda wa kufikiri.

Shangazi, nimefeli maisha? Je, nikikataa huo mradi nitakuwa nawarudisha ndugu zangu nyuma? Na nimjibu nini mwanangu wa darasa la sita, aliyeniuliza kwa nini siku hizi hatuna gari?

Wa Katikati, Marangu

*

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kusikia Mama anafika kwenye migomba kwa miguu yake. Msalimie sana.

Hujafeli. Nalisema mapema ili usome yaliyobaki moyo ukiwa umetulia, maana yako mambo katika barua yako ambayo hayajanipendeza, na nitayafikia.

Tuanze na kijana wa kaka yako. Yeye hakukutukana, amekutajia kanuni, na kanuni aliyoitaja ni ya kweli. Pato la Taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka. Watakwimu hujitahidi: hata mkungu wa ndizi mnaoupika wenyewe bila kuupeleka sokoni hukadiriwa thamani yake ukaingizwa. Lakini kupika huo mkungu hakumo. Kufua, kulea, kuuguza, kuamka usiku kumgeuza mgonjwa, vyote havimo, almradi vimefanywa na mtu wa nyumbani bila malipo. Mngemwajiri mtu amwogeshe Mama, mshahara wake ungehesabiwa na uchumi ungekuwa umekua kwa kiasi hicho. Akiogeshwa na mkeo, hakuna kilichotokea. Na hiyo miringaringa, siku mtakapoikata, mbao zitaingia kwenye hesabu kama pato. Kivuli kilichoondoka na udongo utakaoteremka na mvua havitatolewa popote.

Mwanzilishi wa hesabu hizi alilijua hilo. Simon Kuznets, mchumi aliyeikadiria Marekani pato lake wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, aliliandikia Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa ni vigumu kuusoma kutoka kwenye kipimo cha pato lake. Miaka 28 baadaye, mwaka 1962, alirudia kwa msisitizo: anayetaka ukuaji zaidi aseme ni ukuaji wa nini, na kwa ajili ya nini. Mtu huyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Kwa hiyo kijana akija tena, mkae naye, umwulize maswali hayo mawili kuhusu nyumba ya wageni ya baba yake. Nina hakika atafikiri vizuri, maana kijana anayezungumza na baba yake mdogo kwa adabu namna hiyo hajaharibika.

Sasa kaka yako. Ni kweli kwamba Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Mpaka wa kundi hilo ulikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka, na sisi tulikuwa tumefika 1,080. Ni wastani tu. Unachukua pato lote, unaligawa kwa vichwa vyote, wa Masaki na wa Kishapu. Katika miaka ambayo uchumi wetu ulikuwa ukikua kwa asilimia 6 hadi 7 kila mwaka, sehemu ya Watanzania walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ilitoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 ikafika asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Na kwa kuwa tumezidi kuzaliana, hesabu ya watu maskini wenyewe iliongezeka. Mwenye kusema "nchi imeingia" kwa sauti ya kumdharau ndugu yake angeangalia kwanza ni nani walioingia.

Sitaki uelewe kwamba naubeza ukuaji. Nimeishi kabla yake. Miaka ya mwanzo ya themanini tulipanga foleni ya sukari na sabuni, na hakuna aliyeona fahari. Sensa ya 2002 ilionyesha Mtanzania anatarajiwa kuishi miaka 51. Ile ya 2012 ilionyesha zaidi ya miaka 61. Kumi zaidi! Ndani ya miaka hiyo kumi kuna akina mama walioziona harusi za watoto wao. Mama yako alipopata kiharusi kulikuwa na lami, kulikuwa na simu, kulikuwa na hospitali, na vitu hivyo havijengwi kwa upendo mtupu. Vinahitaji fedha. Ninachokataa ni fedha kufanywa cheti cha utu wa mtu, mwenye nyingi akawa amefaulu na aliyekaa kumtunza mama yake akawa amefeli.

Wala hicho kipimo cha kaka yako hakikuzaliwa na mlima. Kwenu huko, wakulima wa kahawa walianza kuungana mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Mtu wa maana alikuwa yule ambaye kihamba chake kimetunzwa, magunia yake yamefika chamani na watoto wake wako shuleni. Kahawa ile ilisomesha wengi, na si watoto wa mwenye shamba peke yake, kwa sababu chama kilitoa fedha za elimu. Kisha mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vya ushirika. Vilirudishwa miaka ya themanini vikiwa vimechoka. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya kuuza kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka. Kaka yako, kwa umri ninaoukadiria, alikuwa kijana wakati huo. Huenda ndiye aliyemwona Baba akipeleka kahawa na kurudi na fedha isiyotosha ada. Kijana aliyeona hayo akasema moyoni, mimi jembe sishiki, simlaumu. Hofu ya umaskini ndiyo iliyomjengea ghorofa. Ukilijua hilo utazungumza naye kwa upole zaidi, na neno lake halitakuchoma sana.

Taifa zima nalo lilibadilisha mizani. Azimio la Arusha la 1967 lilisema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikutajwa kati ya vinne hivyo. Kiongozi alikatazwa mishahara miwili, hisa, nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kikayalegeza masharti hayo. Mimi nimekua katika mizani ya kwanza na kuzeekea katika ya pili, nami nakwambia zote mbili zilipangwa na watu walioketi mezani. Familia yenu nayo inaweza kuketi ikapanga ya kwake.

Hapa ndipo penye lile lisilonipendeza.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Mkeo yumo katika mistari miwili. Wa kwanza unasema alifunga saluni yake. Wa pili, kwamba ndiye anayemwogesha Mama. Basi. Hukusema kama alikubali kuhama au alifuata tu. Kwenye kile kikao cha simu, kila mmoja alipotoa sababu zake, yeye aliulizwa? Saluni Kimara ilikuwa na wateja wake, ilimpa fedha yake mwenyewe isiyoombwa kwa mtu, na jina lake mtaani. Aliiacha kwa ajili ya mama asiye wake wa kuzaliwa. Desemba watu walipokucheka wewe, nina hakika yeye alikuwa jikoni akipika ndizi za wageni waliokuwa wakikucheka, na hakuna aliyekumbuka hata kumcheka.

Unalia kwamba kazi yako haikuhesabiwa. Ni kilio cha haki. Lakini kazi iliyo ngumu zaidi kati ya zile ambazo Pato la Taifa halizihesabu, kazi ya maji ya moto, shuka na mwili wa mtu mzima anayeona aibu, si wewe unayeifanya. Wewe una kahawa, na kahawa ikifika mnadani Moshi inahesabiwa. Yeye hana kitu kinachofika mnadani. Kabla hujawajibu kaka zako, mkae usiku mmoja watoto wakiwa wamelala, umwulize: umechoka kiasi gani? Ungependa nini kibadilike? Saluni unaitaka tena? Kisha unyamaze umsikilize, hata jibu likiwa zito. Marangu kuna wanawake wanaosuka na harusi kila mwisho wa mwaka. Chumba kimoja karibu na barabara, kioo na viti vichache vinaweza kumrudishia mengi. Itabidi siku hizo wewe, au dada zako kwa zamu, au mtu wa kulipwa, awe na Mama. Hili liwe la kwanza katika mipango yenu, mbele ya nyumba ya wageni.

Dada zako wawili nao hawamo kabisa kwenye barua. Mmezaliwa watano.

Tuje kwenye mradi. Nashangaa jambo moja: kihamba ni cha Mama na Mama yu hai, anazungumza, na katika maelezo yako yote sioni mahali alipoulizwa. Kiharusi hakijamwondolea haki. Aulizwe mbele ya wanawe na binti zake wote, asubuhi akiwa na nguvu, na apewe muda wa kutafuta maneno yake.

Akikubali kitu kijengwe, usiwe mkaidi. Watalii wanapita kweli. Ila swali la Kuznets lirudi mezani: ukuaji wa nini, kwa ajili ya nini? Vyumba vichache pembeni ya barabara, kahawa ikabaki chini ya migomba na miringaringa ikabaki juu, hicho ni kitu ambacho mgeni anaweza kukilipia, maana wapo wageni wanaopanda huko kuona kahawa ikichumwa, ikikaangwa na kutwangwa. Kilimo chenu hiki kina sifa duniani: mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, mlimani huko huko, kuwa urithi wa kilimo kwa sababu ya vihamba vyake. Ukiung'oa utajiri huo ili ujenge kuta kama za Sinza, mgeni atakuja kutazama nini? Tena utalii una msukosuko. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni takriban milioni 1.5, mwaka 2020, korona ilipoingia, walishuka hadi karibu 620,000. Waliokuwa na vyumba peke yake waliumia. Waliokuwa na ndizi nyuma ya vyumba walikula.

Umesema utakuwa meneja. Meneja wa mali ya nani? Hapa nataka uwe makini, mwanangu, kwa sababu wewe ni wa katikati, na kwa mila yenu mtoto wa mwisho ndiye mwenye nyumba. Unapanda miche, unakarabati, unatumia miaka yako ya nguvu kwenye ardhi ambayo kesho unaweza kuambiwa uondoke kwa heshima. Mkeo naye ataondoka na wewe, mikono mitupu kuliko alivyokuja. Yaandikwe maneno. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, na sheria hiyo hiyo haiikubali mila inayomnyima mwanamke ardhi. Nenda ofisi ya kijiji uulize kihamba kimeandikishwaje, au kama kimeandikishwa kabisa. Fanya hivyo Mama akiwa hai na ndugu wote wakijua. Ukifanya kwa siri utakuwa umepanda kesi.

Wewe ni mhasibu, basi tumia ujuzi wako. Fungua daftari la matunzo ya Mama. Andika dawa, nauli za kliniki, chakula, nepi kama zinatumika. Kisha ulizia Moshi mjini: mtu wa kumhudumia mgonjwa, analala hapo hapo, analipwa kiasi gani kwa mwezi? Andika kiasi hicho kwenye mstari wa mkeo na mstari wako. Jumlisha. Usiwapelekee ndugu kama ankara ya kudai madeni, kwa kuwa upendo wenu kwa Mama haukuwa mkopo. Wapelekee wajue mzigo una uzito gani na hadi sasa umebebwa na nani. Aliye Dar na hawezi kuja, alete fedha ya kudumu kila mwezi badala ya furushi la Desemba. Asiye na fedha aje akae wiki kadhaa kwa mwaka, mkeo apumzike. Kaka mkubwa ana uwezo. Naamini akiliona daftari hatacheka, kwa sababu tarakimu anaziheshimu.

Kwa upande wako pia kuna la kufanya. Hela inayobana ni tatizo la kweli, na usiliite fadhila. Michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, isiishie ulipoacha kazi. Mfuko unapokea waliojiajiri kwa hiari. Fuatilia masomo ya watoto kwa ukaribu zaidi ya ulivyofanya mjini, kwa kuwa shule ya serikali yenye mzazi mkali nyuma yake inafika mbali. Na ujuzi wa uhasibu usiuache ukaota kutu: chama cha msingi cha kahawa hapo kwenu kinahitaji mtu anayesoma vitabu vya fedha bila kudanganywa. Mali za ushirika zimepotea sana kwa kukosa watu wa namna hiyo.

Mwanao wa darasa la sita mwambie ukweli mzima, bila hotuba. Gari tulikuwa nalo, fedha zake sasa ziko kwenye shamba na dawa za Bibi, kwa sababu Bibi aliugua na mtu alitakiwa kuwa naye. Gari ni kitu kizuri, tukiweza tutanunua jingine. Akiuliza kama baba wa wenzake wenye magari ni watu bora kuliko wewe, mjibu hapana; na akiuliza kama ni wabaya, mjibu hapana vilevile. Kisha mpeleke kwa mama yake amweleze alichokiacha Kimara, maana mtoto huyo anadhani aliyepoteza kitu ni baba peke yake.

Kikao na ndugu kiitishwe karibu na Pasaka. Desemba kuna mbege nyingi na majirani wengi wa kuwachekesha. Waandikie wote wanne tarehe hiyo wiki hii, dada zako wakiwa wa kwanza kwenye orodha, na mkeo akae mezani tangu mwanzo hadi mwisho, chakula kipikwe na mtu mwingine.

Shangazi